Mizinga Tuliyowachongea Popo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga nikaambiwa niue mti bila kuuangusha.

Nilikuwa kijana kutoka upande wa Kapkatet, ndevu hazijakubali kuota, na shamba la chai lililoniandika lilikuwa linasukuma msitu kila mwaka kama mtu anayemsukuma mwenzake kwenye benchi la kanisa. Nyapara wetu, arap Mosonik, mtu mfupi mwenye sauti ya fahali, alinisimamisha mbele ya mti mkubwa wa tendwet akanionyesha usawa wa kifua. Hapo unamenya gome, unauzunguka mti wote, upana wa kiganja, mpaka mbao nyeupe ya ndani ionekane. Hiyo tuliita pete. Mti uliovishwa pete hauanguki. Unabaki umesimama, majani yanageuka manjano, yanapukutika, na huko chini mizizi inakula akiba yake mpaka inaisha. Baada ya mwaka na kitu ndipo watu wa shoka wanaitwa.

Nilimuuliza arap Mosonik kwa nini tusikate tu tukaenda nyumbani. Akanitazama kama ng'ombe aliyeingia jikoni.

"Ukikata mti ungali na nguvu," akasema, "mizizi inabaki na utamu. Ukungu unaingia kwenye ule utamu, halafu unahamia kwenye chai, chai inakufa mstari mzima. Wewe unafikiri wazungu wanangoja kwa sababu wanapenda kungoja?"

Basi nikajifunza kuvisha pete, na nikawa hodari. Nasema hivyo bila aibu. Pete yangu ilikuwa safi, haina daraja. Daraja ni kale kauzi ka gome ambako mvivu anakasahau upande wa nyuma, na mti unapitishia chakula hapo, unapona, unakucheka. Miti yangu haikupona. Shule mimi nilisoma mpaka nikajua kuandika jina, halafu ng'ombe za baba zikanihitaji kuliko mwalimu, kwa hiyo hii kazi ya panga ndiyo ilikuwa cheti changu.

Ile ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na kutembea msituni bila karatasi kulikuwa kujitafutia taabu. Sisi wa pete tulikuwa na ruhusa. Ndiyo maana nilipata kuona mambo mengi mle ndani ambayo wenzangu wa kuchuma chai hawakuyaona. Niliona mbega wakiruka na mikia yao myeupe kama mabibi waliovaa shuka za harusi. Niliona nyayo za bongo, yule mnyama mwekundu wa mistari, ingawa yeye mwenyewe nilimwona mara moja tu, na hata hiyo mara moja mke wangu haamini mpaka leo. Wacha nirudi kwenye njia.

Mtu aliyenitoa kwenye panga alikuwa Bwana Miti. Hivyo ndivyo tulivyomwita ofisa wa misitu wa serikali, mzungu mrefu wa kaptula aliyekuja kutoka Kericho na pikipiki iliyokohoa kuliko yeye. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuza, amekifunga kwa kamba shingoni. Siku moja nilimkuta amepiga magoti kwenye gogo, uso umelala juu ya gome, nikadhani ameanguka kwa ugonjwa. Kumbe anatazama ndevu za miti. Mnazijua, zile nyuzi za kijivu na kijani zinazoning'inia matawini kule juu kwenye ukungu, na yale magamba mengine yanayojibandika kwenye mawe kama ukoga. Alinipa kile kioo nami nikatazama. Nikaona msitu mwingine mzima mle ndani, na vikombe vyake, na vichaka vyake. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba ile si mmea mmoja. Ni viumbe viwili vimeoana: kuvu, ambaye anajenga nyumba, na kijani kidogo sana, ambacho kinapika chakula. Na ni ndoa inayochukia moshi. Akanipeleka karibu na kiwanda, mahali ambapo tanuri lilikula kuni mchana kutwa, akanionyesha miti. Hakuna ndevu hata moja. Tukarudi bondeni, ndevu zikaanza, kwanza fupi, halafu ndefu mpaka begani.

"Hii naonyesha wewe hewa mzuri," akasema. "Siku ndevu nakwisha, wewe jua iko shida."

Alimwomba meneja wa shamba anipe kazi ya kulinda ule ukanda wa miti wa bondeni, pande mbili za kijito ambacho kiwanda kilichota maji. Meneja akakubali kwa sababu ya maji, si kwa sababu ya ndevu. Kwa njia hiyo nikawa mlinzi, nikapewa koti na kofia, na panga langu la pete nikalirudisha stoo.

Sasa nifike kwenye popo.

Kulikuwa na mti mmoja wa tendwet, mkongwe, una shimo ndani ambalo mtu mzima angeweza kusimama. Ulisimama nje kidogo ya ukanda wangu, kwenye sehemu iliyovishwa pete kabla sijaondoka kwenye kikosi cha pete, na siku yake ilipofika watu wa shoka waliuangusha mchana kweupe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kijito. Mti ulipolala, mdomo wake ulipasuka na wakatoka popo kama moshi wa nyasi mbichi. Wadogo, wengi, wakizunguka kwenye jua wasilolijua. Kunguru na mwewe wakafanya sherehe. Waliobaki walipanda juu mlimani kutafuta giza lililo karibu, na giza lililo karibu lilikuwa dari ya kiwanda.

Ambaye hajafanya kazi kiwandani nimweleze. Majani ya chai yakitoka shambani hayasagwi mara moja. Yanapelekwa ghorofa ya juu, yanatandazwa kwenye vitanda vya magunia vilivyopangwa kama rafu, na upepo unapita kati yake mpaka jani linalegea kama kitambaa. Huko ndiko kunyausha. Mahali hapo ni penye joto, pakavu, na paa lake lina mianya. Popo walipapenda mno. Na popo, ndugu zangu, kama kila mtu mwingine, akila lazima aende haja.

Msimamizi wa kiwanda tulimwita Bwana Mashine. Mtu mnene mwenye mafuta ya grisi mpaka masikioni, mkali, lakini hakuwa mbaya. Alipoona mavi ya popo kwenye majani yake alinguruma kuliko roli. Alikuwa na haki, hilo nalisema. Nani anataka chai hiyo? Ilikuwa kiangazi, majani machache, kwa hiyo aliweza kutumia upande mmoja wa ghorofa na kuuacha wa pili. Lakini mvua kubwa ikishuka, majani yanakuja kwa magunia na magunia, na kila kitanda kinahitajika. Akatangaza kwamba mvua ikianza atafunga madirisha yote na kuchoma salfa humo ndani mpaka popo wa mwisho aanguke.

Bwana Miti alipopata habari alikuja mbio na ile pikipiki. Akamshika popo mmoja kwa vidole viwili, akafungua sikio lake, sikio refu lenye mkunjo kama jani la chai lenyewe. Halafu akaniambia kwamba popo wa namna hii amewaona mara mbili tu katika kazi yake yote, kwa sababu hawalali popote ila kwenye miti mizee yenye mashimo, na miti hiyo ndiyo sisi tuliyokuwa tunaimaliza. Wakifa hawa wa kiwandani, hakujua kama kungekuwa na wengine upande wetu huu wote.

Wakasemezana kwa Kiingereza, yeye na Bwana Mashine, sauti zikapanda na kushuka. Mwisho Bwana Mashine akanigeukia mimi.

"Wewe, mtu ya msitu. Kama wewe naweza toa hii popo yote mbele ya mvua, mzuri. Kama hapana, mimi nachoma."

Wazo la nyumba za kuning'iniza lilikuwa la Bwana Miti. Alisema kwao Ulaya watu huwatengenezea ndege masanduku, na popo mara nyingine huingia. Lakini mbao za masanduku ni nyembamba, na baridi yetu ya asubuhi mnaijua. Ndipo mimi nikasema, mzinga. Gogo zima lililochongwa tumbo ni mti wenye shimo, tofauti yake ni kwamba unaweza kubebwa. Akapiga paja lake kwa furaha.

Mchongaji niliyemjua alikuwa Mzee arap Bett, kutoka upande wa Sigowet. Kama kulikuwa na mtu aliyechonga mizinga mizuri kumshinda, mimi sikukutana naye. Anachagua gogo la mti wa saptet, analipasua vipande viwili, anachimba tumbo kwa tezo, halafu analainisha kwa patasi ndefu mpaka ndani kunateleza kama kibuyu cha maziwa. Akamaliza, anafukiza moshi wa emitiot, yule mzeituni wa msituni, na kusugua nta ya zamani. Halafu anafunga vipande viwili kwa mitambaazi. Alituchongea mizinga kumi na kitu, nami nikaipandisha na kuifunga kwenye miti ya ukanda wangu, nikiwa na furaha kama mtu anayejenga boma la kwanza.

Muda mfupi baadaye Bwana Miti alikuja kuangalia. Akapanda ngazi mpaka kwenye mzinga wa kwanza, akaweka sikio, uso ukang'aa. Akaniambia kuna sauti ndani. Akasogeza mdomo kwenye tundu apate kunusa.

Nyuki walimpiga kwenye mdomo wa juu. Alishuka ile ngazi bila kugusa vidato.

Mizinga yote ilikuwa imejaa nyuki. Sasa mtu angetegemea nini? Tulimpa fundi wa mizinga kazi ya mizinga, naye akaifanya kama baba yake alivyomfunza, ilainike, inukie, iite nyuki kutoka Sigowet mpaka Bomet. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kinachomwita nyuki kinamfukuza popo. Bwana Mashine alipomwona mwenzake na ule mdomo alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mimi iko popo, wewe iko nyuki," akasema. "Kesho lete simba." Halafu akaacha kucheka akaonyesha mawingu upande wa ziwa, mvua inakotoka. Magunia ya salfa yalikuwa yamekwisha kuletwa. Niliyaona mimi mwenyewe, yamepangwa chini ya ngazi.

Bwana Miti, kwa mdomo ule uliovimba, alinieleza makosa yetu. Popo analala akining'inia, anataka mahali pa kushika kucha, kwa hiyo ndani kuwe na mikwaruzo. Mzinga usilale, usimame. Tundu liwe chini, jembamba, aingie kwa kutambaa. Na usinuke kitu chochote isipokuwa popo wenyewe.

Nikaenda Sigowet. Mzee arap Bett alikuwa amekaa mbele ya nyumba na mkewe anapepeta wimbi. Nilisalimu kama inavyotakiwa, nikaulizwa habari za kwetu wote mpaka za ndama, halafu nikatoa ombi langu: atuchongee mizinga mibaya.

Alimgeukia mkewe kama mtu anayetafuta shahidi. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mzinga unakaa juu ya mti miaka mingi kuliko aliyeuchonga. Mimi nitakufa. Watu watapita pale chini, watatazama juu, waseme, arap Bett alikuwa amelewa siku hii."

Nilimweleza habari ya salfa. Nilimweleza kwamba hawa popo hawana mahali pengine. Akasema anawahurumia, lakini jina lake pia halina mahali pengine.

"Basi usitie alama yako," nikamwambia.

Kila mchongaji wakati huo alikuwa na alama yake ya ukoo, anaichoma kwa chuma cha moto ubavuni mwa mzinga. Mzinga usio na alama ni kama mtoto asiye na jina. Alinitazama kwa hasira, na ninafikiri angenifukuza, ila mkewe aliongea bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mzee, miaka yote umechonga mizuri na mingine ikalala tupu, unasema nyuki wa siku hizi wana maringo. Leo umepata wateja wanaokubali chochote, nawe unawatolea maringo wewe."

Akachonga. Nilikaa pale nikimtazama, na sijaona mtu akiteseka vile na kazi rahisi. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe kwenye patasi. Kila mara bibi anapaza sauti kutoka jikoni, "Unalainisha tena!" naye anaitupa patasi chini na kuchukua tezo na kukwaruza kama mtu anayekwaruza kidonda chake. Ile mizinga ilipokwisha aligeuka upande mwingine wakati naifunga kwenye gari la ng'ombe.

Niliipaka ndani mavi ya popo niliyofagia kule ghorofani, nikaifunga wima kwenye miti iliyo mbali na ile ya nyuki. Tena jioni moja, popo walipotoka kwenda kuwinda, mimi na vijana wa kiwanda tukaziba mianya yote ya paa kwa magunia na udongo. Walirudi wakakuta mlango umefungwa. Wakalizunguka paa, wakapiga kelele nyembamba ambazo masikio yangu ya ujana bado yaliweza kuzisikia. Bwana Mashine alikuwa amesimama uani na taa yake. Tulikwenda kulala bila kujua wameelekea wapi.

Asubuhi mvua ilianza kudondoka. Nilishuka bondeni nikapanda mzinga wa kwanza, nikaweka sikio. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu nikasikia mkwaruzo wa kucha kwenye mbao, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani, na joto likanipiga shavuni kutoka kwenye tundu. Wa nne vilevile. Wa tano walijaa mpaka mmoja alitokeza kichwa nje, sikio lile lenye mkunjo likageuka upande wangu.

Nilipanda mlima mbio na koti langu limelowa. Bwana Mashine alikwenda mwenyewe ghorofani, akapitia kitanda kimoja kimoja, akapitisha mkono kwenye magunia, akautazama. Safi. Akamwita karani wa stoo. "Hii salfa rudisha," akasema, kisha akanipa mkono wake wenye grisi. Watu wa kiwanda wote waliona. Mnajua miaka hiyo mkono ule haukutolewa ovyo.

Baadaye nilimleta Mzee arap Bett aone. Tulisimama chini ya miti jua likiwa bado kwenye vilele. Popo wakaanza kutoka kwenye matundu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani bila haraka. Alitazama mpaka wa mwisho. Hakunisifu, wala hakuwasifu wao. Alinituma niwashe moto, akatoa kile chuma chake kwenye mfuko wa ngozi, akapanda ngazi na uzee wake wote, akachoma alama ubavuni mwa kila mzinga. Hata ile iliyokaa kimya.

Sikujua siku hiyo kwamba ile alama ndiyo ingekuwa ngao yetu. Bwana Miti alihamishwa, Bwana Mashine akarudi kwao, na akaja meneja mpya, tuliyemwita Bwana Shamba, aliyetaka chai ipandwe mpaka ukingo wa maji. Akapeleka kikosi cha pete kwenye ukanda wangu. Nilisimama mbele yao, lakini mlinzi mmoja mbele ya amri ya Bwana Shamba ni nini? Nyapara wao akainua panga kwenye mti wa kwanza, akatazama juu, akateremsha panga. Kwetu mti wenye mzinga wa mtu haukatwi kabla mwenyewe hajaulizwa, na huyu alimjua mwenyewe kwa ile alama. Akaenda mti wa pili, alama. Wa tatu, alama. Akanigeukia akaniuliza kama mzee arap Bett anajua habari hii. Nikamjibu kwamba sijui, labda amtume mtu Sigowet.

Bwana Shamba alipoambiwa kwamba miti ile ina mizinga ya mzee wa hifadhi ya wenyeji, na kwamba itabidi wazee wakae kikao, na pengine D.C., mkuu wa wilaya, aitwe, alitukana kidogo kwa lugha ya kwao, akapeleka kikosi upande mwingine. Hakuna aliyeuliza ndani ya mizinga kuna nini. Mimi sikuulizwa, nami sikusema.

Nilikaa mlinzi wa ukanda ule mpaka nilipostaafu, chini ya mabwana wengi, weupe na baadaye weusi, wengine wazuri na wengine wa kuvumilia tu. Siku ya kuagwa meneja alisoma kwenye karatasi kwamba nimelinda chanzo cha maji ya kiwanda kwa uaminifu. Watu wakapiga makofi. Ni kweli, maji nililinda pia.

Siku hizi wajukuu wananipeleka pale kwa pikipiki ya boda, maana magoti yamekataa ile njia. Ndevu za miti bado zinaning'inia, ndefu upande wa kijito, fupi upande wa barabara, kwa hiyo ninajua hewa safi inatoka wapi. Mizinga ya arap Bett ilioza zamani ikaanguka. Niliogopa sana mwaka ule ulipoanguka wa mwisho. Lakini ile miti tuliyoifungia mizinga ilikuwa bado haijazeeka wakati ule, kama mimi mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyeivisha pete ilipata nafasi ya kuzeeka. Matawi yamekatika, mashimo yamejichonga yenyewe. Jua likishuka nasimama na fimbo yangu, natazama juu, na popo wanatoka kwenye mbao za Mungu, mmoja mmoja, bila kunihitaji hata kidogo.